Ukuta wa Shemeji

Palikuwa na fundi plasta aliyeitwa Kioo, na jina hilo alijipa mwenyewe, kisha akawasumbua watu mpaka wakalizoea. Alidai kuta zake zilikuwa laini kiasi kwamba mtu angeweza kunyoa ndevu mbele yazo. Alipiga chuku, lakini si sana. Alikuwa fundi kweli, na fundi kweli akijijua huwa adhabu kwa majirani.

Mwenzake wa kazi tangu ujanani alikuwa seremala aliyemwoa dada yake. Shemeji huyo hakutengeneza vitanda wala makabati. Alifunga zile mbao ambazo zege humwagwa ndani yake. Zege likishakauka, mbao hubanduliwa na kuishia jikoni kuwa kuni. Hapo Kioo huja na mwiko wake akafunika kila kitu, na wenye nyumba wakija hupapasa ukuta wakamsifu yeye. "Shemeji anapika, mimi napakua," alizoea kuwaambia vibarua, "na shukrani humwendea mpakuaji." Shemeji, mtu wa maneno machache, alicheka kidogo na kuendelea kung'oa misumari. Waliishi hivyo bila ugomvi wowote.

Waliokuja kuwagombanisha ni masista. Walitaka kikanisa uani kwao, wakampata msanifu wa majengo, kijana wa viatu vya turubai aliyeongea zaidi kwa mikono kuliko kwa mdomo. Akawachorea kitu ambacho, kilipoinuka, Kioo alikizunguka chote akitafuta mlango. Paa lilipanda upande mmoja kama kitabu kilichoachwa wazi. Mnara hakuna, madirisha hakuna, na watakatifu wote walikuwa wamefukuzwa. Msalaba ulikuwa vipande viwili vya nondo zilizobaki. Nuru iliingia kwa ufa mrefu darini, ikateremka ubavuni mwa ukuta wa altare.

"Wamemweka Mungu ndani ya tangi la maji," Kioo akasema. "Wamsalie upesi kabla hawajafungua bomba."

Lakini lililomchoma hasa ni kwamba plasta haikutakiwa. Msanifu alitaka zege libaki kama lilivyotoka kwenye mbao, na alama zote: nyuzi za mbao, macho yake, hata vichwa vya misumari.

"Sasa nyumba ya Mungu ndiyo ikae uchi?" Kioo alimwuliza shemeji yake.

"Mficha uchi hazai," shemeji akamjibu, na safari hii aliyecheka zaidi ni yeye.

Shemeji akawa mtu mwingine. Mbao za ukuta wa altare alizichagua mojamoja, akizigeuza juani, akizipanga ili macho yake yapishane. Alipozibandua, alikaa sakafuni akautazama ukuta mpaka chakula chake kikapoa. Akatangaza kwamba Jumapili angemleta mkewe auone, kwa sababu tangu waoane mwanamke huyo hajaona kitu cha kazi ya mumewe ila majivu.

Kioo alimwonea wivu, tuseme ukweli. Katika jengo lote yeye alikuwa amepewa choo.

Basi shemeji akasafiri kwenda kupasua mbao za mabenchi. Huku nyuma Mama Mkuu wa masista akamwita Kioo. Karibu na altare palibaki tundu ambapo zege halikujaa, na mjusi kafiri alikuwa amehamia humo. Mama Mkuu hakupenda kusali akiangaliwa na kafiri.

"Nizibie hilo tundu tu, fundi," akasema.

Kioo akaziba. Lakini kiraka kikaonekana kiraka, kama kwenye suruali ya mwanafunzi. Akakipanua kidogo kipate kupotea, kikazidi kuonekana. Ndipo nuru ya ule ufa ikateremka. Mwanga wa ubavuni ndio mtihani wa fundi plasta, maana hukamata kila kibonyeo na kila uzembe wa mkono. Kioo alikuwa amepiga plasta kuta maisha yake yote, na hakuna hata mmoja uliowahi kupata mwanga wa namna ile. Mkono ukamwasha. Plasta haishiki vizuri kwenye zege kavu mpaka ulidonoe, kwa hiyo akachukua nyundo na patasi, akaudonoa ukuta mzima huku akipiga mluzi. Kisha akapanda jukwaani na mwiko. Shetani hakuhusika hata kidogo.

Ukuta ukatoka. Nuru ilipita juu yake ikitafuta kosa, ikakosa. Masista walikuja kuchungulia wakafurahi, maana hatimaye walikuwa na ukuta unaofutika kwa kitambaa. Kioo hakuwahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya harusi yake, ingawa hilo mkewe hakuambiwa.

Jumapili shemeji akaingia na mke wake, aliyevaa nguo ya kutokea. Dada yake Kioo akasimama katikati ya kikanisa, akaangalia huku na huku.

"Ukuta wako uko wapi?" akamwuliza mumewe.

Shemeji alisogea mbele. Aliupapasa ukuta kwa kiganja, polepole, kama wenye nyumba wanavyofanya. Halafu akamshika mkewe mkono wakatoka, wakampita Kioo mlangoni, meno nje, akisubiri kusifiwa.

Msanifu alipofika alilia machozi kabisa, kisha akaamuru plasta ibanduliwe. Kioo aliibandua mwenyewe. Chini yake alama za mbao hazikuwepo tena, kwa kuwa nyuzi, macho na vichwa vya misumari vyote vilikuwa vimeliwa na patasi. Ulibaki ukuta wenye ndui. Msanifu akautazama nuru ikiushukia, akainamisha kichwa, akaanza kusema kwamba majeraha nayo yana ujumbe wake. Wageni wakaja na kamera kupiga picha ule ujumbe, na masista wakazoea.

Shemeji hakuzoea. Mabenchi aliyatuma kwa mkokoteni, yeye hakutia mguu. Kioo akajaribu utani, akatuma salamu kwa dada yake kwamba ukuta umekuwa maarufu, kwa hiyo mumewe ashukuru. Salamu hazikujibiwa. Alipopata kazi nyingine, mbao zilifungwa na seremala mwingine, na Kioo akajikuta amesimama na mwiko mkononi akisoma alama za mtu yule kwenye zege: hapa alifanya haraka, hapa alirudia, hapa alijitahidi. Plasta ikaanza kumgandia kwenye ndoo. Aliona aibu, na aibu hiyo haikumwacha hadi akaenda.

Alimkuta shemeji uani kwake akinoa msumeno. Njia nzima Kioo alikuwa ameandaa mzaha wa kuanzia, ukamkauka kinywani.

"Shemeji, nimekuharibia ukuta," akasema.

Shemeji akauweka msumeno chini.

"Kuta zote umeniharibia, Shemeji," akajibu bila hasira. "Ila huu tu ndio uliokuja kuuombea radhi."

Dada yake Kioo akatoka ndani na kigoda cha pili, akakiweka chini, si karibu sana na mumewe. Kioo akakaa.