Mlinzi wa Kamba

Kaka yangu akisema leo anapumzika, ujue kuna mtu mwingine anafua. Mtu huyo nilikuwa mimi. Tuliishi chumba kimoja mtaani Makina, yeye, mimi na televisheni, na kati yetu sisi watatu aliyepanguswa vumbi kila asubuhi ni televisheni. Wiki nzima alichomelea mageti, basi wikendi ilikuwa ya kujilaza kwenye kochi na muvi za flashi, zile ambazo DJ anawasemea Wachina kwa Sheng mpaka unadhani walizaliwa Kawangware. Upuuzi mtupu! Staringi, yule shujaa wa muvi, anapiga jeshi zima na hatokwi hata na kifungo cha shati. Na kaka, mwanamume mzima, ndevu hizo, anapiga makofi.

Jumamosi hiyo nilifua blauzi nyeupe na sketi nyeusi. Jumatatu nilikuwa naanza kazi ya kuhudumia wateja kwa hoteli moja Kawangware, na mwenye hoteli, mama mwenye ploti zake pale, alikuwa ameniambia wazi: nyeupe juu, nyeusi chini, la sivyo usijisumbue kuja. Sikuwa na nyingine. Nikazianika uani pamoja na jezi ya kaka iliyotoboka kwapani. Kwetu nguo zikiwa kwa kamba lazima mtu akae azichunge, maana kuna watu hupita na magunia wakijifanya wanaokota chupa.

"Naenda kuteka maji," nikamwambia. "Chunga nguo."

"Tulia, siz. Nikikaa hapa mlangoni naona TV na naona kamba."

Alikaa kweli. Halafu jua likapiga kioo cha TV, bwana mkubwa haoni vizuri, akashusha pazia la mlango. Hilo alikuja kunieleza mwenyewe, tena bila haya. Narudi na mtungi wangu, nasikia mtu anapiga kelele ndani: "Nyuma! Wewe, angalia nyuma! Anakuja na panga!"

Alikuwa anamwonya staringi. Huku nje, blauzi na sketi zilikuwa zimeenda. Jezi yake ilikuwa palepale, na pegi zake zote.

"Hata mwizi ameikataa," nikamwambia.

Unajua alijibu nini? "Kwani iko na shida gani?" Akaitoa kwa kamba, akaigeuza, akainusa, amekasirika kabisa kwamba mtu ameidharau. Woi! Nililia pale uani mbele ya majirani wote, kwa hasira, na sikujali nani ananiangalia.

Jumatatu nilifika Kawangware na gauni la maua la jirani. Mama mwenye hoteli akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Nilisema aje?"

Nikamweleza.

"Pole, msichana wangu. Lakini kuna mwenye alikuja kama amevaa nyeupe na nyeusi."

Huyo mwingine alikuwa ameshashika trei, anapelekea watu chai. Nikarudi Makina kwa miguu, na kaka akaona hapo ndipo pa kunifariji. "Usijali, siz. Staringi huwa hafi." Nusura nimrushie sufuria.

Jumamosi iliyofuata nilifua tena. Sikumwambia achunge. Nilianika, nikaingia ndani, nikajilaza kwenye kochi lake na kuwasha muvi yake mpya, ile aliyokuwa akiitunza wiki nzima. Alinitazama kidogo. Kisha akachukua mtungi mtupu, akaugeuza chini ya kamba, akaukalia, macho kwa nguo na mgongo kwa mlango. Jua lilimchoma masikio. Alivumilia mpaka ngumi zikaanza kusikika.

"Siz? Staringi amefika wapi?"

Aliuliza kwa upole, na hakugeuka. Kwenye TV staringi alikuwa ameshamaliza maadui wote, anakumbatia msichana, hana hata mkwaruzo.

"Amekufa," nikamwambia. "Kaa hapo. Nguo bado hazijakauka."