Mlango wa Pikapu

Hapa gereji, Buzuruga, fundi amefungua kopo la mafuta ya breki, na harufu yake kali imenirudisha uani kwetu Kirumba, siku zile baba alipobadilisha ekseli ya mbele ya pikapu yake kuukuu.

Pikapu ile ilivuta kwa magurudumu yote manne na haikuogopa tope, lakini breki zake za zamani zikilowa maji hazikushika. Siku moja ziligoma tukiteremka mlima, mama amenipakata kiti cha mbele, tukasimamishwa na jiwe. Hakuna aliyeumia, ila mama aliapa kwamba hapandi tena.

Baba akatafuta ekseli yenye breki za diski, zinazoshika hata zikilowa, kwenye gari jipya zaidi lililopinduka. Yeye na baba mdogo waliihangaikia wiki nzima, grisi hadi viwikoni, unga wa kutu ukiwaingia machoni. Walipomaliza, baba aliijaribu barabarani. Alikanyaga, ikasimama palepale. Akarudi anacheka, akamfungulia mama mlango.

"Mama watoto, njoo upande. Sasa inashika."

Mama alikuwa akipara sato. Hakuinua macho.

"Nenda tu. Nina kazi."

Baba alisimama kidogo ameshika mlango, kisha akaufunga taratibu. Hakumwomba tena. Mama aliendelea kwenda kanisani kwa miguu mpaka pikapu ikauzwa.

Jioni tulipotoka kumzika baba, mama aliniambia, "Siku ile nilitaka kupanda, mwanangu. Nilikuwa nasubiri aniite mara ya pili."