Shimo la Kwanza

Mama yangu hakujua kucheza gemu. Jambo hilo lilijulikana nyumbani, lilijulikana kwa majirani, na karibu mtaa wetu wote wa Kabiria ulilijua kwa sababu mtangazaji nilikuwa mimi. Alininunulia ile TV gemu ya kaseti za njano kwa familia moja nyuma ya maduka ya Adams iliyokuwa ikiuza vitu vyake ili ihame. Alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali mjini, na jioni akifika nyumbani alikubali kucheza nami kabla ya kuwasha jiko.

Tuliyoipenda ilikuwa gemu ya kijitu kinachokimbia kuelekea kulia, kinaruka kuta na mashimo mpaka kifike kwenye bendera. Wachezaji walikuwa wawili, lakini si kwa pamoja. Mmoja anacheza, mwenzake anangoja, na zamu haibadiliki mpaka anayecheza afe. Mama alitangulia kwa sababu ndiye mkubwa. Alikimbia kidogo, akafika kwenye shimo la kwanza, akatumbukia.

"Haya, nimekufa," alikuwa akisema. "Shika."

Ilikuwa hivyo kila jioni. Nilicheka mpaka nikachoka kucheka, kisha nikajaribu kumfundisha. Nilimshika kidole gumba nikakiweka kwenye kitufe, nikamwambia abonyeze asiachilie mapema. Aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri, na kesho yake akatumbukia tena. Mwishowe niliamua kwamba hafundishiki, nikawaeleza wenzangu kwamba watu wa ofisi vidole vyao hukakamaa kwa sababu ya kushika mafaili.

Miaka ikapita, na mwanzoni mwa karne hii nikajikuta nikiuza gemu mwenyewe. Nilikuwa nimeajiriwa katika kistoli kimoja mjini, kwenye yale majengo ambayo duka moja hukatwa vipande mpaka kila muuzaji anabaki na nafasi ya kusimama na kugeuka. Kazi yangu ilikuwa kuuza sidii na kutengeneza mashine zilizogoma. Wakati huo ndipo gemu za zamani zilipoanza kurudi zikiwa zimeundwa upya. Kuta zilikuwa palepale na mashimo palepale, ila kila kitu kimenenepeshwa na kung'arishwa, na ule muziki wa kulialia sasa umepigwa na bendi kamili. Mimi sikuzipenda. Niliziona kama nyumba ya utotoni iliyonunuliwa na mtu mwenye pesa akaibandika vigae kila mahali. Wateja hawakunisikiliza. Wanaume wenye tai walisimama mbele ya kistoli wakiimba ule muziki puani, halafu wakaniambia wanamnunulia mtoto.

Nyumbani hali yetu haikuwa nzuri. Kabla ya kistoli nilikuwa na kazi katika kiwanda cha kuchapisha, kikafungwa, nikahamia kwa Mama pamoja na mke wangu na mtoto mchanga. Tulisema ni mwezi mmoja. Sasa ulikuwa mwaka wa pili. Nyumba ilikuwa ileile aliyopanga tangu nikiwa mdogo, sebule na chumba kimoja cha kulala. Chumba alitupa sisi, yeye akalala kwenye kochi, akisema kitanda kile kilikuwa kinamuumiza mgongo siku nyingi. Nilimwambia pole kwa ajili ya mgongo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwetu aliyetaka kushika jembe alikuwa mwenyeji. Mama alikuwa amestaafu muda si mrefu, na siku moja, tukila, alitangaza kwamba anarudi kwao magharibi.

"Nimechoka na Nairobi," alisema. "Kelele mingi. Nataka kulima sukuma yangu, nifuge kuku, nipumzike."

Alikuwa amekuja Nairobi akiwa msichana. Kwaya yake ilikuwa hapa, wanawake wenzake wa kanisa walikuwa hapa, na hata muuza mboga aliyejua nyanya anazozitaka alikuwa hapa. Huko kwao kulikuwa na nyumba ya marehemu mama yake iliyofungwa miaka mingi, na jembe Mama alilishika Krismasi tu, tena kwa kupigwa picha. Hayo yote niliyajua. Lakini ukweli ni kwamba nilifurahi. Niliwaza sebule itakuwa yetu, mtoto atapata pa kuchezea, na yeye atapumua hewa safi. Mke wangu ndiye aliyeniuliza tukiwa wawili, "Una hakika Mum anataka kwenda?" Nikamjibu kwamba Mama ni mtu wa kusema ukweli. Tiketi ya basi nilimnunulia mimi mwenyewe, ya Jumatano.

Jumapili iliyotangulia safari niliazima mashine dukani, nikaja nayo pamoja na ile gemu yetu iliyoundwa upya. Nilitaka tucheke kidogo kabla hajaondoka. Tulikuwa tumetoka kanisani, mke wangu amekaa kwenye stuli akimlisha mtoto uji, na Mama bado ana kitambaa chake cha kwaya shingoni.

"Hii iko na waya mingi sana," alisema nilipokuwa nikiunganisha. Halafu picha ikatokea, akainama mbele. "Kumbe ni ile yetu. Wameipaka lipstiki."

Nilimweleza kwamba kuna jambo moja limebadilishwa. Siku hizi wachezaji wote wawili wanatoka pamoja, kila mmoja na kijitu chake, na hakuna kungojana. Aliniuliza mara mbili kama ni kweli hakuna zamu. Nikamwambia hakuna.

"Kwa hivyo nikiendelea, sikuzuii?"

"Hunizuii."

Tukaanza. Shimo la kwanza lilikuwa palepale, sasa limepambwa kwa maua pembeni. Nilikwisha anza kutabasamu nikingoja atumbukie. Mama aliliruka bila kupunguza mwendo. Akaruka la pili, akapanda ukuta, akapiga kwa kichwa sehemu ya hewa ambayo mimi niliijua kuwa tupu, na hapo pakatoka sarafu. Nilikuwa nikimwangalia yeye badala ya kijitu changu, kwa hiyo aliyekufa alikuwa mimi. Yeye aliendelea. Alicheza ameegemea kochi, mdomo umefungwa, kama anavyomenya njegere, mpaka akafika kwenye bendera.

"Ulijifunza lini?" nilimuuliza.

"Nikiwa leave ya kazi. Wewe uko shule, mimi nikimaliza kufua nakaa hapa nacheza. Hiyo yako ya zamani nilimaliza yote. Nikarudia nikamaliza tena."

"Na lile shimo? Si ulikuwa unaanguka kila siku?"

Hakutoa macho kwenye TV. "Sasa nisipoanguka, wewe ungecheza saa ngapi? Ungekaa tu hapo kuniangalia mpaka ulale njaa."

Mke wangu alishusha kijiko cha uji. Mimi nilikaa nimekishika kile kidude cha mkononi na sikukumbuka ni cha nini. Nilikuwa nikifikiria vidole vilivyokakamaa kwa kushika mafaili, kisha nikafikiria mgongo, kisha nikaifikiria sukuma na kuku.

"Mama," nilisema, "kweli umechoka na Nairobi?"

Alisimamisha gemu kwanza. Hata kitufe cha kusimamisha alikijua.

"Nyinyi ni watu watatu," alisema. "Mimi ni mmoja. Si hesabu ngumu."

"Sikuuliza hesabu."

"Nilijua utakubali tu. Wewe tangu utoto hukunipa shida. Nikikuambia kitu, unaniamini, unaenda kucheza."

Alisema hivyo kwa upole, kwa sauti ya mzazi anayemsifu mwanawe mbele ya mkewe, na sijawahi kusikia sifa iliyoniuma kama ile. Mke wangu alisema tutatafuta chumba upande wa Kawangware, hata kidogo. Mama akaanza kupinga. Alisema vyumba vya huko vina unyevu na mtoto ataugua, akasema tiketi imekwisha nunuliwa, akasema watu wa nyumbani wamekwisha ambiwa. Akarudia tena, kwa sauti ya juu sasa, kwamba yeye kweli amechoka na mji huu na anataka kwenda kulima.

Nikamwambia simwamini. Nilikuwa sijawahi kumwambia hivyo maishani mwangu. Alifunika uso kwa kile kitambaa cha kwaya akalia. Mke wangu akanikabidhi mtoto, akaenda kukaa karibu naye. Mwisho wa mwezi tulihama sisi.