Mlio wa Simu Mpya ya Moiben

Baba yangu aliishi peke yake shambani Moiben, na alikuwa na pumu. Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu: kila asubuhi akishakamua ng'ombe, anazungusha mpini wa simu yake, kengele inalia kwenye ubao wetu wa kuunganishia simu mjini Eldoret, nami naitikia. Nilikuwa opereta. Simu za mashambani wakati huo hazikuwa na namba za kupiga wala nini. Ulizungusha mpini ulio ubavuni, binadamu akaitikia, ukamwambia unamtaka nani, naye akachomeka waya mahali pake.

"Nimeamka," baba angesema.

"Umelalaje, baba?"

"Kifua kimenisumbua kidogo. Lakini yule ndama mgonjwa amesimama."

Basi, hofu yangu ya siku hiyo ilikuwa imekwisha. Siku akichelewa, nilichomeka nyaya pasipo pake, nikawaunganisha wauza mahindi na nyumba ya padri.

Laini yao ya Moiben ilikuwa moja kwa nyumba kadhaa, kila nyumba na mlio wake, na yeyote aliweza kunyanyua simu akasikiliza ya mwenzake. Mtu akigombana na mkewe, majirani walijua kabla ya chai. Hilo halikumtisha mtu. Msikilizaji alikuwa jirani, na ukimsikia anakohoa humo ndani unamwambia akafanye kazi zake.

Wa kutisha alikuwa mwingine. Ilikuwa miaka ya chama kimoja, na mara kwa mara mwanamume mwenye koti refu aliingia chumba chetu, akaketi nyuma yetu na kuvaa vifaa vya masikioni kama vyetu. Tuliambiwa anakagua laini. Hakuna aliyethubutu kuuliza laini ina nini. Akiwa ameketi hapo shingo yangu yote ilikuwa baridi. Mimi na baba hatukuwahi kupanga ishara yoyote, lakini siku hizo nilimwita Mzee badala ya baba, naye alielewa, akaongea habari za mvua tu.

Kisha rafiki wa baba, mwalimu mstaafu kama yeye, akachukuliwa sokoni mchana kweupe. Watu walinong'ona kwamba ni kwa maneno aliyoyasema kwenye simu. Alirudi baada ya muda mrefu, hataki hata salamu. Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi naongeza kwamba si lazima akuume wewe. Akimuuma rafiki yako inatosha.

Ndipo akaja injinia kijana na mitambo mipya. Simu zingejiunganisha zenyewe, na kila mtu angepewa chombo chenye duara la namba, sawa na cha Nairobi, sawa na cha dunia nzima. Nilimuuliza kwa nini tusiache ubao mmoja tu, kwa ajili ya wazee wenye simu za mpini.

"Madam, sistimu ni moja," alisema. "Tukibeba kila kitu ya zamani, hakuna mtu atabadilika. Na hii mpya itaharibika ikijaribu kuelewana na kila takataka."

"Hizo takataka ziko na watu upande ule mwingine."

"Watajifunza."

Hakuwa mjinga wala mkatili. Mji haungeweza kukua kwa kutegemea vidole vyangu, hilo nalikubali hata leo. Aliniudhi tu kwa sababu hakuwa na baba mwenye pumu Moiben.

Ubao ukang'olewa, nami nikahamishiwa meza ya maulizo, yenye simu yake. Nilikwenda mwenyewe kumfundisha baba: nyanyua, sikiliza mlio, kisha zungusha namba. Aliitikia kwa kichwa kila nilichosema, kama mwanafunzi asiyeelewa kitu na hataki kuulizwa. Asubuhi iliyofuata simu yangu haikulia, nikampigia mimi.

"Baba, umelalaje?"

Nikaisikia sauti ya baba, lakini ile ya kuongea mbele ya chifu: "Hapa kwetu tuko salama kabisa. Mvua imenyesha. Tunashukuru serikali." Akakata.

Niliamini kuna watu wamesimama jikoni kwake. Niliomba ruhusa nikakimbilia Moiben, nikamkuta akiwawekea ng'ombe chumvi, mzima, na simu ameifunika kwa blanketi. Hakutaka kuizungumzia. Asubuhi zilizofuata nilikaa mbele ya simu isiyolia, nikijua kwamba kifua kikimbana hatanipigia.

Msimu wa baridi kikambana. Mama jirani aliyekuja kuchukua maziwa alimkuta kizingitini, midomo imebadilika rangi, majirani wakamleta hospitali Eldoret kwa pikapu. Yule mama ndiye aliyeniambia jinsi alivyoikuta simu.

"Hiyo blanketi ilikuwa chini, na simu inaning'inia. Nafikiri aliishika, akaiacha."

Baba alipoweza kuongea, niliketi kando ya kitanda chake nikamuuliza mbona hakunipigia. Kwanza alitazama vitanda vya jirani.

"Nilinyanyua," alisema. "Kuna mtu."

"Hakuna mtu, baba. Huo mlio ni mashine tu. Inakuambia laini iko wazi, inakungoja."

"Inangoja niseme."

"Inangoja namba."

"Mama," aliniambia, akikatiza maneno kwa kukosa pumzi, "hata ile ya zamani ilikuwa na masikio. Lakini hayo masikio ni mimi niliyazaa. Hii ya sasa, unaweza kuniapia hakuna mtu?"

Nilitaka kumwapia. Niliijua mitambo ile, nilijua mlio unatoka wapi. Nilijua pia kwamba yule mwanamume wa koti hakuonekana tena chumbani kwetu, na hakuna aliyeniambia siku hizi anaketi wapi. Sikuapa; nikamnyooshea blanketi.

"Nitapiga," akasema, kama kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Lakini sitaongea."

Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi kwake nilikaa mezani nikiiacha chai ipoe. Simu ikalia. Nikasikia pumzi yake, ile yenye kukwaruza.

"Nimeamka," alisema.

Nilitaka kumuuliza habari za kifua, za ndama, kama amekula, nani amemsaidia kukamua. Nilikuwa na maswali ya kutosha kutwa nzima. Shingo yangu ikawa baridi, nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Haya, Mzee," na nikaweka simu chini.