Mashine Yenye Alama za Tupa

Mimi nina mdomo, sikatai. Mdomo huo ndio ulioniwezesha kuendesha karakana ya vyuma hapa Kyela miaka yote hii, mwanamke peke yangu katikati ya mafundi wanaume, na mdomo huohuo ndio ulioniaibisha siku niliyokwenda kununua mashine ya kukereza kwa mzee mmoja, njia ya kwenda Itungi.

Mashine niliyokuwa nayo ilikuwa ndogo, ya kuchonga kipande kimoja kimoja. Mpunga ukishavunwa, wenye mashine za kukoboa kutoka Busale na Ndandalo wananivamia, kila mtu na bushi yake iliyolika mkononi, na kila mtu eti yeye ndiye wa haraka. Bushi ni kama pete nene ya shaba, inakaa ndani ya chuma ili shafti izunguke bila kusagika. Kuchonga moja tu nilikuwa nabadilisha visu mara nne, napima, nabadilisha tena. Jioni mgongo si wangu. Nikasikia kuna mzee, zamani fundi wa meli bandarini, anauza mashine yenye kichwa cha pembe sita. Kila pembe inashika kifaa chake, na ukivuta mkono wa chuma nyuma, kichwa kinageuka chenyewe kukuletea kifaa kinachofuata. Ukishaitega mara moja, unachonga bushi hata mia na zote zinalingana. Jamani, sikulala vizuri wiki ile.

Mzee alinipokea mlangoni mwa banda lake. "Mwagonile," nikamwamkia kwa Kinyakyusa, akaitikia, akaniuliza nyumbani, akaniuliza shamba, akaniuliza mvua ya huko mjini, maana kwetu hukimbilii bei kabla hujajua watu wameamkaje. Mkewe akaleta chai na ndizi za kuchemsha. Tulipomaliza, mzee akanitangulia ndani. Banda lilijaa mapipa, mabomba na vyuma vya kila aina, lakini alipita katikati yake bila kugusa kitu, akaenda moja kwa moja kuweka kiganja juu ya mashine.

"Ndiyo hii, mwanangu. Ikague. Usinionee haya."

Haya? Mimi? Nilikulia sokoni, na sokoni bidhaa usipoikosoa bei haishuki. Nikavua kanga ya mabegani, nikaanza. Rangi imebambuka! Mkanda umechoka! Reli zimelika huku karibu na kichwa! Yote hayo yalikuwa kweli, lakini moyoni nilikuwa nashangilia, maana mota ilikuwa nzima na kichwa kilijifunga barabara kila kilipogeuka. Ndipo nikaona makovu. Kwenye kila pembe ya kichwa mtu alikuwa amekata alama kwa tupa, mahali pengine moja, pengine mbili, mpaka sita. Mikono ya kuendeshea nayo imekatwa. Magurudumu yamekatwa pembezoni mwote. Hata vile vizuizi vinavyosimamisha kisu kisipite kipimo vilikuwa na makato.

Nikapata silaha. "Baba, hii mashine imetafunwa na nani? Aa, hapa hakuna mashine, hapa kuna chuma chakavu. Aliyefanya hivi ama alikuwa amelewa, ama hana macho."

Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai, akaiweka chini. Nikadhani nimewapata.

"Watu wa chuma chakavu walishapita," mzee akasema mwishowe, taratibu. "Wao wanapima kilo tu, hawatukani." Kisha akanyoosha mkono. "Umesema una kipande cha shaba. Lete."

Nikampa, pamoja na bushi ya zamani niliyokuja nayo kama mfano. Akaipapasa, akasogeza vizuizi. Akafunga kipande, akawasha, akaanza kazi. Ninaijua kazi hii, na nakwambia sijawahi kuona mikono kama ile. Kidole gumba kilikuwa kinapita kwenye alama za tupa, kinahesabu, mkono unavuta, kichwa kinageuka, kisu kinaingia mpaka kizuizi kinakikataza. Pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuinama hata mara moja. Uso ulikuwa umeinuliwa kuelekea kwenye mabati, kama mtu anayesikiliza mvua ikija. Bushi ikadondoka kwenye trei, ikiwa bado na joto. Nikaipima kwa kipimo changu. Ilikuwa sawasawa na ile ya mfano.

"Inasomaje?" akauliza.

"Tazama mwenyewe, baba," nikasema, nikamnyooshea kipimo.

Mkono wake ukaja, ukapita pembeni ya mkono wangu, ukashika hewa. Ukarudi, ukashika hewa tena. Mkewe akaingia haraka, akachukua kipimo kutoka kwangu, akakisoma kwa sauti.

Mdomo uliponza kichwa. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Alama ni zangu," mzee akasema. "Nilianza kuzikata macho yalipoanza kupungua. Presha ya macho, walisema hospitali, na nilikuwa nimeshachelewa. Huyu mke wangu ndiye anayenisomea vipimo. Wateja wanajua analeta chai."

"Na chai naleta," mkewe akasema.

Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi la chuma. Nikamwambia nisamehe baba, sikujua. Akacheka, akacheka kweli. "Inuka, mama fundi. Umesema hana macho. Umekosea wapi?"

Watoto wao walikuwa wamegundua walipokuja kwenye msiba wa jirani, wakamkuta kazini. Wakafanya kikao, wakaamua mashine iuzwe kabla haijala vidole vya baba. Alibisha mwezi mzima, mwisho akachoka kuwaliza. Alichoomba ni kimoja tu, iende kwa fundi atakayeifanyisha kazi. "Nikiwa nayo, watu wanakuja kumwona fundi," aliniambia. "Ikiondoka, watakuja kumwona mgonjwa."

Bei aliyoitaja sikuigusa, nikalipa kama ilivyo. Nilitoka pale nikijiona mtu mwema sana, nakiri. Mashine haitakatwakatwa, mzee atalala kwa amani, nami nimepata kifaa. Kila mtu kapata chake, ndivyo nilivyojidanganya mpaka siku ya kuichukua.

Siku hiyo nilikuja na kenta na vijana wanne wenye winchi ya mnyororo. Mzee aliwasimamia utafikiri yuko bandarini. Fungua hapa kwanza! Mnyororo usipite juu ya kichwa! Wekeni mabomba chini, mviringishe! Alijua uzito uko upande gani, na vijana wakamtii bila kujua kwamba haoni. Mashine ikatoka nje, ikapandishwa, ikafungwa kamba. Wakapongezana. Nikarudi bandani kumwambia mzee ndaga, ahsante kwa Kinyakyusa, nimuage.

Nilimkuta amesimama katikati. Mkono mmoja ulikuwa mbele, umefunguka, kwenye kimo kilekile mashine ilipokuwa. Alipiga hatua moja, akasita. Akapiga nyingine upande, mguu ukagonga bomba, bomba likabingirika, akarudi nyuma na kusimama kabisa. Kumbe miaka yote mashine ndiyo iliyomwambia mlango uko wapi, benchi liko wapi, yeye mwenyewe yuko wapi. Nami nimeipakia kwenye gari.

"Mama," akamwita mkewe, kwa sauti ndogo. "Niko wapi hapa?"

Mkewe alikuwa nje, hakusikia. Nikaenda nikamshika mkono. Vidole vilikuwa baridi.

"Ni wewe, mama fundi?"

"Ni mimi, baba."

"Leo ndiyo nimepofuka," akasema.

Nje dereva alikuwa anapiga honi, mvua inakuja, twende. Nilifikiria alama zile zote za tupa, ambazo sikujua hata moja inasemaje. Nilifikiria watoto wake na kikao chao, na nikaona watanichukia, na wachukie. Nikamkalipia, maana nisingemkalipia ningelia.

"Baba, viatu vyako viko wapi?"

"Viatu vya nini?"

"Vya kazi! Nani atanitegea hiyo mashine, dereva wa kenta? Viko wapi?"

Mkono wake ukageuka ndani ya mkono wangu, akanishika yeye.

"Nyuma ya mlango wa jikoni," akasema. "Vyeusi. Vina kamba mpya."