Siku Jiwe Lilipogoma Kucheza

Ulikuwa mwaka wa yanga, ule unga wa njano wa msaada tulioula mpaka choo kikawa cha njano. Juzi mjukuu wangu kafungua gunia la chakula cha kuku hapa Mkuyuni, harufu ni ile ile, nikajiona nimesimama tena kule kisiwani, juu ya mwamba, nyayo zinaungua.

Tulivuka ziwa kwenda kuona jiwe linalocheza ukiliomba. Mama alikuwa ameolewa mwaka huo huo, akaja na mimi, mtoto wa mwanamume mwingine. Ukoo mzima wa baba wa kambo ulijipanga pale. Mzee anayelitunza jiwe akaimba, akaliomba, akaimba tena. Jiwe kimya.

Dada yake baba wa kambo akageuka, akanishika sikio.

"Litachezaje na huyu yupo? Jiwe la wazee halimchezei mtoto wa vichakani. Shuka, kakae na mbuzi kule chini."

Watoto wake wakacheka. "Hata mbuzi wana baba!"

Nikamwambia, "Sishuki. Na mimi nimekuja kuona."

Akanizaba kofi, mdomo ukajaa damu. Watu wote wakamtazama mama. Nilijua sasa atasema neno. Akaja, akainama, akanifuta damu kwa kanga yake mpya ya ndoa.

"Shuka, mwanangu," akaninong'oneza. "Usiniharibie."

Nikamtazama machoni, yeye aliyenizaa.

"Sishuki. Na mimi nimekuja kuona."