Beki wa Bao Moja

Juzi, nyumbani kwa mwanangu mtaa wa Al Khuwair, mjukuu wangu alikuwa anatazama kwenye televisheni habari za beki mmoja wa Kitaliana aliyestaafu. Akapiga mwayo. "Babu, kazi yake huyu kuzuia tu?" Nilikereka hata chai ikanipalia. Nawe, rafiki yangu, kama ulikulia bandari ya Matrah miaka ile kabla ya sabini, ungekereka vilevile, maana ungemkumbuka Mtaliana wetu.

Alikuwa fundi wa kuchomea mabomba ya mafuta, mtu mzima, goti moja halikunjiki sawasawa. Kiswahili chake cha kuungaunga alikiokota Mogadishu, alikofanya kazi zamani, na sisi watoto tuliohamia huku kutoka Unguja ndio tuliomfahamu. Kila Ijumaa baada ya alasiri alikuja kwenye uwanja wetu wa changarawe nyuma ya nyumba kutufundisha mpira. Kwao alikuwa beki.

Sisi tulitaka mabao. Yeye alitaka kamba. Nilichukua ya bibi yangu ya kuanikia nguo, akatufunga mabeki wanne viunoni, tumepangana kama samaki wa kukausha. "Moja enda, yote enda!" alipiga kelele. Mmoja akikimbilia mpira, watatu tunaburutwa. Mmoja akisimama kujikuna, sote chini, magoti damu. "Nyinyi mbuzi!" alilalama, kajishika kichwa. Na bibi naye alitoka na kanzu za majimaji begani, mikono inanuka kitunguu: "Kamba yangu iko wapi? Nguo n'anike juu ya pua zenu? Nawe Mtaliana, mtu mzima ovyo!" Akishamaliza kumsema humpa chai ya hiliki na mkate wa kumimina. Ijumaa ya pili, yaleyale.

Siku moja tumekaa barazani tunakunywa chai hiyo, alianza mwenyewe kusimulia mpira wake. Alipandisha suruali atuonyeshe kovu la goti. Mimi nikamkatiza: "Ulifunga mabao mangapi?"

"Moja."

"Kwenye goli la nani?"

"Letu."

Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Nikampa jina Bao Moja, na kabla ya magharibi mtaa mzima unamwita hivyo. "Mwache mgeni amalize maneno yake, we mtoto!" bibi alinikaripia. Hakumaliza. Aliteremsha suruali, akainuka. Aliendelea kuja na kutufunga kamba, lakini habari za kwao hakuzigusa tena, na kazi ya mabomba ilipokwisha alikwenda zake.

Uwanja wetu sasa ni maegesho ya magari. Bibi hayupo, na siku hizi nguo hukaushwa na mashine. Tulio hai katika wale mabeki ni wawili. Tukipita sokoni, mmoja akisimama kufunga kiatu, mwingine husimama bila kuambiwa.

"Alichezea timu gani huyo wenu?" mjukuu aliniuliza nilipokwisha kumsimulia, simu mkononi. "Nipe jina nimtafute."

Jina! Miaka yote ile sikumuuliza jina. "Andika Bao Moja," nilimwambia kwa hasira. Maskini, akaandika kweli. Hapakutoka kitu.

Kwenye televisheni yule beki mwingine alikuwa bado anasimulia, kapandisha suruali anaonyesha goti. Mjukuu akanyoosha mkono abadilishe.

"Usiguse," nilimwambia. "Mwache amalize."